Jenereta Haiingii Ndani

Siku ya kuniaga, kijana anayesimamia mauzo aliniinamia sikioni akaniomba niongee kwa ufupi, niseme asante, keki ikatwe. Nikasema asante, keki ikakatwa. Lakini mtu hawezi kuuza, kukodisha na kutengeneza jenereta hapa Eldoret tangu usichana wake hadi mvi, halafu aondoke akiwa amesema asante peke yake. Yale niliyoyabakiza nayaandika hapa. Ninyi mnaobaki nyuma ya ile kaunta mtayasoma mkipenda. Msipopenda, jenereta zenyewe zitawafundisha, na zinafundisha kwa kuchoma.

Cheo nilichopewa mwishoni sitakitaja, na mshahara ni siri yangu na benki. Nitasema nilivyoingia, aliyenifunza, na siku nilizokataa. Siku za kukataa ndizo ninazozikumbuka vizuri. Za kukubali zimechanganyikana kama chai na maziwa.

Niliingia nikitokea mtaa wa Huruma, katika chumba cha kupanga nilichokaa na dada yangu baada ya kutoka kwetu Bungoma. Tangazo lilisema wanatafuta mtu wa kupokea wateja. Mwenye duka, Bwana Simon, ambaye sote tulimwita Bosi, alinionyesha kazi yangu yote kwa muda mfupi: jiko la chai liko pale, ufagio uko pale, na mteja akiuliza chochote kuhusu mashine, mwite fundi. Akaniambia nitabasamu. Nikamuuliza kama fundi naye anatakiwa kutabasamu. Alinitazama kama mtu aliyenunua maembe akagundua moja limeoza, lakini hakunirudisha.

Fundi alikuwa Mzee Gachoka. Alikuja huku akiwa kijana kutoka Murang'a, akafanya kazi kwenye mashine za kupasua mbao kabla ya kuhamia jenereta. Yeye alibadilisha r na l, mimi nilikuwa nageuza b kuwa p, na tulielewana vizuri kabisa. Siku hiyo ya kwanza alikuwa nyuma akikaza nati, akaingia mteja anayetaka jenereta ya kukodi kwa ajili ya matanga. Badala ya kumwita fundi, nikamuuliza mteja atawasha nini. Akasema taa na spika. Nikamuuliza kama kutakuwa na maji ya kuvutwa kutoka kisimani, kwa sababu kwetu matanga bila maji ni vita. Akafikiri, akasema kweli, kuna pampu. Mzee Gachoka akatoka akijifuta mikono na kitambaa, akabadilisha ile mashine ndogo aliyokuwa ameshaikaza akaleta kubwa zaidi. Mteja alipoondoka akaniuliza nani alinifundisha kuuliza hivyo. Nikasema hakuna. Akasema, "Basi usiache."

Bosi alisikia, na jioni akaniambia niache.

Mnaona basi kazi ilivyoanza. Nilikuwa na wakubwa wawili na amri mbili, ikabidi nichague siku ya kwanza. Nilichagua ile ya mtu mwenye grisi mikononi.

Mzee hakunifundisha kwa kunikalisha chini. Aliniita tu anapofungua mashine, akanipa kitu nishike. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na spana ya plagi, mswaki wa zamani wa kusugulia kabureta, uzi wa gitaa wa kuzibulia vile vitundu ambavyo petroli hupitia, na ile mita yenye taya inayouma waya na kukuambia umeme kiasi gani unapita. Mita hiyo hakuniruhusu kuigusa kwa muda mrefu. Alisema kwanza nijifunze masikio. Alikuwa ananigeuza nitazame ukuta, anaongeza mzigo kwenye jenereta, ananiuliza imebeba nini. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye nikaanza kusikia mashine inavyoshusha pumzi friji inapoanza, kama mtu anayeinua gunia, halafu inavyotulia. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumfundisha mteja. Friji, pampu, mashine ya kusaga, chochote chenye mota, hakili sawa muda wote. Kinapoamka kinakula mara kadhaa ya kile kinachokula baadaye. Mteja anajumlisha namba zilizobandikwa nyuma ya vyombo vyake, anapata jumla, ananunua jenereta ya jumla hiyo hiyo. Friji ikiamka, nyumba nzima inalala.

La pili ni mwinuko wa mji wetu. Sisi tuko juu. Wakimbiaji wanapenda hewa hii nyembamba, lakini injini haipendi. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ilipimwa mahali pa chini penye hewa nzito, na mashine ikifika huku inapoteza sehemu ya nguvu zake kabla hujachomeka hata balbu. Bosi alikataza tusiseme hilo dukani, ati ni kuharibu bidhaa kwa mdomo. Nililisema kila siku. Nilikuwa nasema kwa sauti ya kawaida, nikitabasamu, kama alivyoniagiza.

Mwaka huo wa mwanzo kulikuwa na harusi upande wa Kapseret. Baba wa bibi harusi alikuwa amenunua mashine yake mwenyewe kwingine, ndogo, nyekundu, nzuri kwa macho. Ilizima kabla ya maharusi kufika. Akaja dukani na pikipiki ya boda boda akiwa na suti na matope, akatubeba mimi na Mzee. Tulidhani imezidiwa. Mzee akaitazama ilivyokaa, kando ya mtaro, imeinama upande, akaiinua na kuingiza jiwe bapa chini yake. Ikawaka. Ndani ya injini kuna kifaa kinachoizima mafuta ya injini yakipungua, na mashine ikiinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja, kifaa kinadhani yameisha. Yule baba alitaka kumkumbatia Mzee. Mzee akamwambia asubiri kwanza, akamuuliza spika za DJ zitawashwa saa ngapi pamoja na friji za soda. Zilipowashwa pamoja ikazima tena, safari hii kwa kuzidiwa kweli. Ikabidi wageni wachague: wanywe soda moto na kusikiliza muziki, au wanywe baridi kimya kimya. Waliamua muziki. Watu wa Kapseret si wajinga.

Nilipozoea, wateja wakaanza kuniita Mama Stima, hata kabla sijapata mtoto. Wapo waliofika kaunta wakaniangalia, wakauliza kama kuna mtu wa kuwasaidia. Nilikuwa nawajibu kwamba yupo, ndiye anayeongea. Mmoja alitaka nimtengenezee waya wenye vichwa vya kuchomeka pande zote mbili. Mnaujua, bado wanauomba. Upande mmoja unaingia kwenye jenereta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na nyumba yote inawaka bila kumwita fundi wa stima. Nikamweleza kwamba ule umeme hauishii nyumbani kwake. Unatoka nje kupitia mita ya nyumba, unapanda hadi kwenye nguzo, na kule juu kunaweza kuwa na kijana wa kampuni ya stima anayeshika waya akidhani umekufa. Akasema huyo kijana hamhusu. Nikamwambia basi na waya haumhusu. Akanipita akaenda kwa Bosi, na Bosi akaniamuru nimtengenezee. Nilikataa. Bosi akamwagiza Mzee Gachoka. Mzee akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri vitu vidogo, na siku hiyo hiyo alikuwa ametoka kuzibua kabureta kwa uzi wa gitaa. Mteja aliondoka bila waya. Kitu cha kumuuzia mtu kama huyo ni chenjiova, ile swichi kubwa inayochagua stima ya nguzoni au ya jenereta na kamwe haiunganishi zote mbili. Ni ghali kuliko waya, lakini hata jeneza ni ghali kuliko waya.

Sasa nifike kwenye siku ambayo wengi wenu mmeisikia kwa midomo ya watu wengine, ikiwa imeongezwa chumvi. Naisema ilivyokuwa.

Kulikuwa na harambee ya kujenga madarasa, ndani ya ukumbi wa kanisa upande huo huo wa Kapseret. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Bwana Rotich, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mtu mrefu mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika. Walikodi kwetu jenereta ya kati, ya kuwasha kwa ufunguo, na mimi nikatumwa kuisimamia kwa sababu Mzee alikuwa anaumwa mgongo. Niliiweka mbali nyuma ya ukumbi, bomba la moshi likiangalia shambani, upepo ukitoka kwetu kwenda kule. Nilitumia waya mnene, nikaukunjua wote, maana waya ulioviringishwa ukibebeshwa mzigo unajipika wenyewe. Kila kitu kilikuwa sawa. Spika zikalia, mgeni wa heshima akafika, watu wakajaa.

Mchana mvua ya mawe ikaja. Mnajua inavyokuja hapa, bila kubisha. Nilikuwa upande wa mbele wa ukumbi nikipima waya wa spika, na mabati yakaanza kupigwa hadi huwezi kusikia mtu aliye kando yako. Mzee alikuwa amenipa masikio, lakini masikio hayashindani na mawe. Mawe yalipopungua kidogo ndipo nikasikia kitu kimebadilika. Sauti ya mashine ilikuwa imejaa, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya tangi la maji. Taa hazikuwa zimecheza hata kidogo. Maana yake mashine ilikuwa inanguruma bado, lakini haikuwa pale nilipoiacha.

Vijana wa kamati walikuwa wameibeba ikiwaka, wakaiingiza kupitia mlango wa nyuma hadi kwenye stoo iliyo katikati ya ukumbi na jikoni. Walifanya kwa nia njema, isinyeshewe. Wakafunga mlango wa nje kwa sababu ya mawe. Jikoni nako madirisha yalifungwa. Nilipofungua mlango wa jikoni nilikuta akina mama wanaendelea kupika, mmoja ameshika paji la uso, mwingine anasema kichwa kinampiga kama ngoma. Msichana mmoja, Faith, alikuwa ameketi kwenye magunia ya viazi ameegemea ukuta. Wenzake walikuwa wanamcheka kwamba amechoka kabla ya kazi. Nikamwita. Alinitazama lakini hakujibu.

Nilizima mashine, nikachomoa ufunguo nikautia kifuani. Ukumbi mzima ukawa kimya na giza. Nikafungua milango, nikawaambia akina mama watoke waende barazani, na tukamtoa Faith mimi na mpishi mkuu, Mama Jerono, mmoja mkono huu na mwingine ule. Miguu yake ilikuwa inaburuta. Barazani alitapika, akalala chini kwenye shuka la Mama Jerono, mawe yakiruka karibu na miguu yake.

Bwana Rotich akaja. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mgeni wa heshima alikuwa amekatizwa katikati ya hotuba, na harambee ikikatizwa, watu huanza kukumbuka shughuli zao.

"Leta ufunguo," akasema.

"Mashine itoke nje kwanza."

"Nje mvua ya mawe. Huoni?"

"Naona. Basi tungoje iishe."

"Wageni hawa hawawezi kungoja. Na hiyo mashine itaharibika nje, nikulipe mimi?"

"Mashine ni yetu, na mimi ndiye nimeisimamia. Ikiharibika, nitajibu mimi. Huyu msichana nitamjibia kwa nani?"

Akasema msichana amevuta moshi wa kuni, kila mtu anajua jikoni kuna moshi, na madirisha yangefunguliwa angepona. Nikamwambia moshi wa kuni unauona, unakohoa, unatoka mwenyewe. Huu wa injini una kitu ndani yake kisicho na harufu wala rangi, na anayekivuta hakimbii kwa sababu anadhani amelewa usingizi. Nikamwambia upande wa pili wa stoo ile kuna ukumbi uliojaa watoto wa shule waliokuja kuimba.

Alinyoosha mkono mbele ya watu wote. Alikuwa mtu mkubwa, na sikujua atafanya nini. Mimi nilikuwa nimeogopa, hilo nalisema wazi. Lakini ufunguo ulikuwa mahali ambapo mwanamume wa heshima hawezi kuufuata, na yeye alikuwa mwanamume wa heshima. Akashusha mkono.

"Wewe mama huna adabu," akasema.

Nikamwambia adabu yangu iko nje pamoja na huyu msichana.

Faith alipelekwa hospitalini na gari la mmoja wa wageni. Mvua ikaisha, vijana wakaitoa mashine wakaikausha, mimi nikaiangalia kote, nikatoa ufunguo nikawasha. Harambee ikaendelea, ingawa waimbaji waliimba kwa hasira. Jioni habari ikaja kwamba Faith amepata nafuu na amerudi kwao. Bwana Rotich alisema kwa kila aliyemsikiliza kwamba ulikuwa moshi wa jikoni na mwanamke wa kutafuta sifa. Sina njia ya kuthibitisha kwamba haukuwa moshi wa jikoni. Hakuna aliyekufa, na kwa hivyo hakuna aliyeshawishika. Hiyo ndiyo hali ya kazi hii na ninawaambia mapema msije mkashangaa: ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na watu hawapigii makofi kitu ambacho hakijatokea.

Bosi aliniita asubuhi iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa amepiga simu. Bosi akasema hajali nani alikuwa na haki, anajali kanisa lile na marafiki wote wa mwenyekiti wenye sherehe. Nilichotakiwa kufanya ni kidogo tu, kwenda kwa Bwana Rotich na kusema pole. Nikamwambia niko tayari kumwambia pole kwa mvua. Akanitaka niseme pole kwa kuzima. Nikakataa. Akasema nitoke mbele ya wateja, niende nyuma kwenye stoo ya vipuri nisionekane.

Mzee Gachoka aliponiona nimebeba kikombe changu cha chai nikielekea nyuma, akasogeza benchi, akanipa ile mita yenye taya bila kusema nirudishe lini. Kisha akasema, "Wamekupandisha cheo, hawajui."

Nilikaa nyuma muda mrefu. Kule ndiko nilikojifunza kazi yenyewe. Nilifungua mashine zilizoletwa zimekufa, na nyingi hazikuwa na ugonjwa. Zilikuwa zimetunzwa vibaya. Mtu ananunua jenereta kwa ajili ya dharura, anaijaza petroli, anaifunika turubai, anaisahau. Petroli ikikaa inageuka gundi. Siku stima imepotea na mtoto ana homa, anavuta kamba hadi bega linaachia. Jenereta ya dharura ni kama jirani: usipomtembelea wakati wa amani, usimtarajie wakati wa msiba. Iwashwe kila mwezi na ibebe mzigo, au imwagwe petroli yote kabla ya kufunikwa. Niliwaambia wateja hilo kupitia dirisha la stoo, kwa sababu walikuwa wameanza kuja nyuma wakiniuliza.

Aliyenirudisha mbele hakuwa Bosi. Alikuwa Mwalimu Truphena wa Munyaka, mwalimu mstaafu ambaye mume wake alikuwa anaishi kwa mashine ya oksijeni baada ya mapafu kuchoka. Stima ya mtaa wao ilikuwa ya kubahatisha. Bosi mwenyewe alimpokea, akamwonyesha jenereta iliyokaa dirishani muda mrefu, ya bei nafuu, yenye umeme unaoyumba. Mimi nilikuwa napita na boksi la plagi. Nikasikia neno oksijeni. Nikaweka boksi chini, nikasema hiyo haifai.

Bosi akaniambia nirudi nyuma. Mwalimu akamuuliza kwa nini nirudi nyuma wakati nimesema jambo analotaka kulisikia. Nikamweleza kwamba mashine ya mgonjwa inataka umeme uliotulia, na kuna jenereta za aina ya inveta zinazoutoa hivyo, ndogo na zisizo na kelele. Nikamwambia pia kwamba jenereta peke yake haitoshi. Anahitaji betri ya kumshikilia mgonjwa kati ya stima kupotea na injini kuwaka, na mtungi wa oksijeni wa akiba endapo vyote vitakataa. Kisha nikamuuliza swali ambalo Mzee hakunifundisha, nililipata kule nyuma kwa kuona mashine nyingi zilizoletwa na watu walioshindwa kuvuta kamba. Nikamuuliza nani ataiwasha.

Akasema mtoto wao. Nikamuuliza, na mtoto akiwa kazini je? Akasema basi ni yeye. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mikono ya yabisi. Nikamtoa nje, nikamfanya avute kamba ya kila mashine tuliyokuwa nayo. Nyingi zilimshinda. Tulichukua ile aliyoweza kuiwasha mwenyewe, kwa kitufe, akiwa amesimama wima. Bosi alikuwa amesimama mlangoni akitazama. Mwalimu alipotoka akamwambia kwamba atakuja tena, na akija anataka kuhudumiwa na huyu. Kesho yake nikakuta kikombe changu cha chai kimerudishwa kaunta.

Mume wa Mwalimu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, akafa kwa wakati wake, stima ikiwapo. Mwalimu alikuja dukani kuniambia. Tulikunywa chai.

Mzee Gachoka alistaafu akarudi Murang'a, akaniachia mita na uzi wa gitaa. Bosi akazeeka akawapa watoto wake duka. Sasa mna sola na betri, na mteja anaingia akiwa ameshaona kila kitu kwenye simu. Vizuri. Mimi sina ugomvi na sola, nyumbani kwangu ninayo. Lakini kila wiki mtu anaingia na sherehe ya Jumamosi, hema, spika, friji na mvua, na simu yake haijamuuliza maswali. Nimesikia kuna agizo jipya kwamba maswali yanachelewesha foleni. Foleni ichelewe. Hakuna mtu aliyewahi kufia kwenye foleni yetu.

Wiki yangu ya mwisho kazini, mzee mmoja akaingia akitembea kwa fimbo. Akamuuliza kijana wa kaunta kama yule mama mkali bado yupo. Nilimjua kwa sauti kabla sijainua macho. Bwana Rotich alikuwa amepungua mwili, lakini ile sauti ilikuwa haijapungua.

"Bado uko hapa," akasema.

"Hadi Ijumaa."

Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Akasema mke wake anadungwa sindano za sukari, na dawa lazima ikae kwenye friji, na stima kwao inapotea anavyotaka mwenye kuipoteza. Kisha akagonga sakafu kwa fimbo.

"Kabla hujaniuzia kitu. Mimi bado nasema siku ile ulinidharau mbele ya watu."

"Na mimi bado nasema moshi ule ungeua mtu."

Kijana wa kaunta aliacha kubonyeza simu yake.

"Haya," akasema Bwana Rotich. "Friji yangu ni ile ya milango miwili. Inataka nini?"

Nikamuuliza maswali yote, akajibu yote, hata yale yaliyomchosha. Alichukua mashine ya kuwasha kwa ufunguo, yenye magurudumu, yenye nafasi ya kutosha kwa friji kuamka. Akasema anataka niilete mimi, si mtu mwingine. Nikaenda siku yangu ya mwisho, pamoja na fundi wa chenjiova.

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, zizi la ng'ombe upande mmoja. Alinipitisha mbele ya jikoni, akapita veranda, akapita tangi la maji, akaendelea kutembea na fimbo yake hadi nikaanza kujiuliza kama amesahau tulikokuwa tunakwenda. Mwisho wa ua, upande ambao upepo huondokea, alikuwa amejengewa kibanda. Sakafu yake ilikuwa ya simenti, imesawazishwa kabisa. Juu kulikuwa na bati, na kuta zilikuwa nusu, pande mbili wazi. Mtaro ulikuwa umechimbwa kutoka pale hadi nyumbani, na bomba la kupitishia waya lilikuwa tayari ndani yake. Sikuwahi kumwambia ajenge chochote.

Nilikizunguka kibanda. Nilitafuta kosa, siwafichi. Nilitafuta kwa bidii.

"Kuna kasoro?" akauliza.

"Hakuna."

Tukaiweka mashine, tukatia mafuta ya injini na petroli, bomba la moshi likiangalia mbali. Fundi akamaliza swichi yake. Bwana Rotich akanionyesha ufunguo kwa kidevu, niwashe.

"Washa wewe," nikamwambia. "Mimi kesho sitakuwapo."

Akaegemeza fimbo yake ukutani, akainama kwa shida, akazungusha. Ikashika mara ya kwanza. Kule nyumbani mke wake akapaza sauti kwamba friji imewaka, na mashine ikashusha pumzi kidogo, ikabeba, ikatulia. Yeye akasimama wima, mimi nikasimama kando yake. Tukaisikiliza kwa muda, wote wawili tukiwa nje, na hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha.